Gari-nyumba jangwani: piga hesabu kwanza, ununue baadaye

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu nizungumzie magari. Lakini msikimbie, kwani hesabu ni zile zile.

Tangu video za Wamarekani wanaoishi ndani ya magari zianze kuenea, swali moja limekuwa likinijia kila mara kutoka kwa watu wa hapa Nairobi: "Nataka kugeuza van yangu iwe gari la kulala, niende nayo Chalbi wiki nzima. Ninunue paneli ya wati ngapi?" Magari yenyewe ni yale ambayo Wamarekani huyaita RV. Mimi nitayaita gari-nyumba, maana ndani mna kitanda, jiko, friji na maji, na juu ya paa kuna sola. Pamoja na swali huja orodha iliyonakiliwa kutoka kwenye video: paneli za wati 800, betri kubwa kubwa za lithiamu, inveta ya wati 3000, kiyoyozi cha paa, na programu ya simu ya kuendesha vyote hivyo.

Maoni yangu ni kwamba orodha hiyo ni jibu la swali la mtu mwingine. Ukiinakili utamaliza pesa, utalipa gari mzigo, na bado unaweza kukwama katikati ya Chalbi ukiwa na stima ya kutosha na maji ya siku moja. Gari la jangwani huanza na hesabu ya matumizi yako. Kifaa hufuata baada ya hesabu, na kila kifaa unachoongeza ni kitu kingine cha kutunza mahali ambapo hakuna fundi wa kumwita.

Jangwa lao na jangwa letu

Video nyingi za aina hii hupigwa Quartzsite, mji mdogo wa Arizona ulio kando ya barabara kuu ya Interstate 10, karibu na mpaka wa California. Nje ya mji kuna ardhi ya serikali inayosimamiwa na Bureau of Land Management, na sehemu iitwayo La Posa imetengewa wageni wa kukaa muda mrefu. Msimu wake huanza 15 Septemba na kuisha 15 Aprili. Soma tena tarehe hizo. Watu wanakwenda huko wakati wa baridi! Joto la kiangazi, linalopita nyuzi 40, likianza kukaribia, wengi hung'oa nanga wakaelekea kaskazini.

Kwa hiyo vifaa vyao vinatatua shida za majira ya baridi. Wana hita ya gesi kwa sababu usiku ni baridi. Wana vyuma vya kuinamisha paneli kwa sababu Quartzsite iko zaidi ya digrii 33 kaskazini mwa ikweta, na mwezi wa Desemba jua la adhuhuri huko hupanda digrii 33 hivi tu kutoka upeo wa macho. Paneli iliyolala bapa juu ya paa saa hiyo hupata zaidi kidogo ya nusu ya mwanga ambao ingepata kama ingelielekea jua. Ndiyo maana wanainamisha.

Chalbi, katika kaunti ya Marsabit, iko digrii 3 hivi kaskazini mwa ikweta. Hapa jua la adhuhuri halishuki chini ya digrii 63 mwaka mzima. Paneli iliyolala bapa inapata karibu asilimia 90 hata katika siku mbaya zaidi ya mwaka. Vile vyuma vya kuinamisha havikuletei faida ya maana, na isitoshe vitakupa shida, kwa kuwa upepo wa huko si wa mchezo. Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani, ndiko ilikojengwa mitambo 365 ya kuzalisha stima kwa upepo. Watu hawajengi mitambo yote hiyo mahali penye upepo wa kupepea nguo. Paneli iliyoinuliwa upande mmoja hapo ni tanga la jahazi.

Tofauti nyingine ni kwamba mtu wa Quartzsite akiharibikiwa na pampu anaendesha dakika chache, ananunua nyingine, anarudi. Ana hata mahali rasmi pa kujaza maji na pa kumwaga maji machafu. Wewe ukishaiacha lami Marsabit, ukapita Maikona kuelekea Kalacha na North Horr, duka la spea ni lile ulilobeba.

Hesabu yenyewe

Mwandishi wa programu hufundishwa mapema kwamba kabla ya kuongeza kumbukumbu kwenye kompyuta, upime kwanza ni nini kinachoila. Tufanye hivyo hivyo. Tuseme mko wawili. Kipimo chetu ni wati-saa, yaani wati zidisha kwa saa za matumizi.

- Friji ndogo ya kompresa, lita 40, inayotumia wati 45 ikiwa inazunguka. Kwenye joto tuseme inazunguka karibu nusu ya muda: wati-saa 500 kwa siku.
- Feni moja ya wati 15, saa 8: 120.
- Laptopu, kuchaji mara moja: 70.
- Taa tatu za LED za wati 5, saa 4: 60.
- Simu mbili: 30.
- Pampu ndogo ya maji, dakika 15: 15.

Jumla ni 795, tuseme 800. Umeona mwenyewe ni nani mlafi: friji peke yake inakula zaidi ya nusu. Ukiiweka kivulini, ukaiachia nafasi ya kupumua nyuma na ukapunguza kuifungua ovyo, umeokoa stima nyingi kuliko ungepata kwa kubishana na muuzaji kuhusu aina ya paneli.

Sasa paneli. Kaskazini jua ni la kutosha, lakini mimi hupenda kuhesabu kwa tahadhari: saa 5 za jua kamili kwa siku. Kisha toa asilimia 30 ya hasara, maana kuna vumbi, kuna waya, na kuna joto lenyewe. Wengi hudhani joto huongeza stima ya sola. La hasha! Paneli inahitaji mwanga, na joto huipunguzia nguvu, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Paneli iliyofika nyuzi 65 juu ya paa la chuma imeshapoteza kama asilimia 16. Iache na nafasi ya hewa chini yake. Basi 800 gawanya kwa 5, gawanya tena kwa 0.7, unapata wati 229. Paneli za wati 300 zinakutosha na akiba juu.

Betri nayo? Ukitaka siku mbili bila jua, unahitaji wati-saa 1600. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ya ampea-saa 200 ina 2560, kwa hiyo inatosha na kubaki. Betri za asidi ya kawaida haifai kuzitumia chini ya nusu, kwa hiyo ungehitaji tatu za ampea-saa 100, na kila moja ina uzito wa kilo 28 hivi. Kama mfuko unaruhusu, nunua lithiamu. Kama hauruhusu, asidi itakufikisha, ila ujue unabeba kilo zaidi ya 80.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wa paneli hawana haraka ya kukuambia. Gari lako lina jenereta tayari, nayo ni alternata. Ukiweka chaja ya kati ya betri ya gari na betri ya nyumba, ya ampea 30, saa mbili za kuendesha zinakupa karibu wati-saa 780. Hiyo ni siku nzima ya matumizi! Mtu anayehama kambi kila siku ya pili hana haja ya kufunika paa lote kwa vioo. (Usiunganishe lithiamu na alternata moja kwa moja bila chaja hiyo. Betri itafyonza kwa pupa na alternata inaweza kuungua.)

Kiyoyozi, inveta na intaneti

Kiyoyozi cha paa kinachofungwa kwenye RV za Wamarekani hutumia kama wati 1400 kikifanya kazi. Saa 6 ni wati-saa 8400, zaidi ya mara kumi ya kila kitu kingine ndani ya gari. Ukitaka kukilisha, ndipo inapozaliwa ile orodha ndefu: inveta kubwa, betri nyingi, waya nene, paneli nyingi, na shoka za gari zinazolia. Orodha nzima ni mtumishi wa kifaa kimoja. Kiondoe na orodha inajikata yenyewe. Badala yake nunua turubai zuri la kivuli lenye kamba imara, madirisha yenye wavu pande mbili ili upepo upite, na ile feni ya wati 15. Kwenye upepo wa Marsabit utalala vizuri.

Inveta nayo si lazima. Friji, taa, feni na pampu vyote hupatikana vya volti 12, na laptopu nyingi siku hizi huchajiwa kwa tundu la USB-C. Inveta hula stima hata ikiwa haina kazi.

Na intaneti, kwa sababu najua mtauliza. Starlink ilianza kuuzwa Kenya mwaka 2023, na sehemu kubwa ya Chalbi haina mtandao wa simu, kwa hiyo hamu naielewa. Lakini sahani ya kawaida ikila wati 75 mchana na usiku ni wati-saa 1800, zaidi ya mara mbili ya bajeti yetu yote. Ile ndogo ikiwashwa saa mbili jioni ni kama 60 au 80 tu. Tofauti iko kwenye kidole chako, washa na uzime.

Maji ndiyo bajeti ya kweli

Stima ikiisha utakula chakula kisicho baridi na utalala gizani. Maji yakiisha ni habari nyingine kabisa. Hata hivyo katika orodha zote ninazoletewa, tangi la maji huja mwisho, kama kitu cha kukumbuka ukiwa njiani.

Mimi napanga lita 10 kwa mtu kwa siku: nusu ya kunywa na kupika, nusu ya kuosha kwa ubahili. Watu wawili kwa siku tano ni lita 100. Ongeza siku mbili za kukwama, lita 140, ambazo ni kilo 140. Sasa unaona kwa nini nilikuwa nalalamikia uzito wa betri? Kila kilo ya chuma unayopakia ni lita moja ya maji unayoiacha.

Usiyaweke yote kwenye tangi moja. Tangi likipasuka kwenye barabara ya makorongo umepoteza yote kwa mara moja. Mitungi saba ya lita 20 inaonekana ya kishamba kando ya tangi lililofichwa chini ya kitanda, lakini mtungi mmoja ukivuja unabaki na sita, na mtungi wenye bomba la kufungua kwa mkono hauhitaji pampu.

Jambo hili lina upande wa heshima pia. Kalacha kuna chemchemi, na huko na huko kuna visima, lakini maji hayo yana wenyewe. Ni ya Wagabra na ngamia wao, ng'ombe na mbuzi wao. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliua mifugo wengi mno kaskazini mwa Kenya, na familia zilizokuwa na mali zikabaki na kamba tupu. Mtu wa Nairobi anayefika na gari lenye friji ya soda, kisha akachota maji ya kisima aoshe vyombo kwa sababu nafasi ya mitungi iliwekwa betri ya kiyoyozi, amefanya kosa la hesabu linalolipwa na mwingine. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika mambo haya yote. Beba maji yako. Ukilazimika kuomba, omba wazee wa mahali. Maji machafu usiyamwage karibu na kisima, na takataka zako urudi nazo.

Swichi ya taa isihitaji simu

Mimi ni mwandishi wa programu na programu ndizo zinazonilisha, kwa hiyo nisikilizeni katika hili: msiweke programu kati ya mkono wenu na taa. Siku hizi unauziwa mfumo ambao pampu, taa na friji vyote vinawashwa kwa skrini moja. Skrini ikikataa, umepoteza vyote pamoja. Swichi ya kawaida ikifa, fundi yeyote wa jua kali anaiziba kwa kipande cha waya, na hata wewe unaweza.

Kifaa kimoja cha kidijitali nakubali: mita ya betri inayohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka. Betri ya LiFePO4 huonyesha volti karibu zile zile ikiwa imejaa na ikiwa imebaki robo, kwa hiyo huwezi kukisia kwa volti kama tulivyozoea kwa betri za asidi. Chagua mita yenye kioo chake ukutani, isiyotegemea simu peke yake.

Na waya! Watu hutumia maelfu kwa betri kisha wanabana shilingi kwenye waya. Waya wa milimita mraba 1.5 kwenda kwenye friji iliyo mita 6 nyuma, kwenda na kurudi mita 12, unapoteza kama volti 0.7 kwa ampea 5. Friji inaona betri imekwisha, inajizima, nawe unalaumu betri. Waya wa 6 unapoteza chini ya volti 0.2. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, maana kazi yake ni kulinda waya usiwake moto.

Matunzo

Barabara za huko zina makunyanzi yanayotikisa gari hadi meno yanagongana. Mtikisiko huo hulegeza nati usiku na mchana. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, dakika tano: shika vichwa vya betri uone kama vimelegea, futa paneli kwa kitambaa kikavu, angalia chini ya gari kama kuna kitu kinavuja, soma mita na uandike namba kwenye daftari. Baada ya siku tatu daftari litakuambia ukweli ambao muuzaji hawezi kukuambia. Kila siku ya pili piga brashi vumbi la nyuma ya friji na ulikung'ute la chujio la hewa la injini.

Betri ikae ndani, sakafuni, mbali na injini. Lithiamu nyingi hazitaki kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45 hivi.

Tairi nazo ni mfumo. Kwenye mchanga punguza hewa hadi psi 20 hivi, na uwe na pampu ya volti 12 ya kurudisha. Kumbuka Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale: ikiwa kavu inabeba lori, ikinyeshewa inameza. Epuka msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na uliza wenyeji hata kama mbingu ni safi. Ukirudi, osha chini ya gari kwa maji mengi, kwa sababu chumvi ya Chalbi inakula chuma polepole ukiwa umeshasahau safari.

Mwisho, nendeni magari mawili, na kabla ya kuondoka Marsabit waambieni polisi na jamaa zenu njia mtakayopita na siku ya kurudi. Hiyo ni akiba isiyokula hata wati moja.

"Lakini paneli siku hizi ni rahisi"

Najua mtaniambia hivyo, na ni kweli, bei zimeshuka sana. Sina ugomvi na mtu anayeongeza robo juu ya hesabu yake. Ugomvi wangu ni na anayenunua bila hesabu yoyote, kwa sababu hata akinunua kubwa mara tatu hajui kama inatosha. Anajua tu kwamba alilipa.

Ukitaka kuona watu wanaoelewa stima ya nje ya gridi, angalia nyumba za huko huko kaskazini: paneli ndogo, taa chache, simu ikichajiwa mchana jua likiwa kali ili betri ibakie ya usiku. Wao wanajua kila taa inatumia nini, kwa sababu kiwango chao hakina nafasi ya kubahatisha.

Haya, chukueni karatasi mwandike vifaa vyenu, wati zake na saa zake. Mkishapata jumla nileteeni kwenye maoni hapa chini, tuzikague pamoja. Atakayeleta orodha yenye kiyoyozi alete na maelezo ya mahali atakapoweka mitungi saba ya maji.